Sembe imepanda bei, kwangu ndiyo kwanza inaliwa zaidi. Wachumi njooni

#1 Mzee wa Daftari

Wakuu kwema?

Nina tabia ya kuandika matumizi ya nyumba kwenye daftari, mpaka kiberiti. Mwaka jana sembe nilikuwa nachukua kwa 1,200 kilo. Tuko watu saba, kwa siku zinaenda kilo mbili. Mwaka huu kilo imefika 1,600. Nilitegemea tutajibana, lakini daftari linaniambia tunakula kilo mbili na nusu.

Nyama ndiyo imekatwa. Kwetu kilo ni 10,000, haijapanda wala kushuka. Ninachoacha mezani ni kilekile, 6,000 kwa siku, ya unga na kitoweo peke yake. Mboga za majani tunachuma nyuma ya nyumba, mafuta na chumvi vina fungu lao.

Shuleni tuliambiwa bei ikipanda watu hununua kidogo. Sasa hii ya kwangu ni nini? Naomba majibu ya watu waliosoma, matusi pelekeni jukwaa la siasa.

#2 Kisu Butu

Nimekaa siti ya mbele kabisa, nawasubiri wasomi.

#3 Dogo wa Mlimani

Mzee, hongera. Nyumba yako imeingia kwenye vitabu. Hiyo ni bidhaa ya Giffen, yaani ile ambayo bei ikipanda watu wanainunua zaidi.

Chukua karatasi. Mstari wa chini andika kilo za sembe, wa kusimama andika kilo za nyama. Ukimaliza 6,000 yote kwenye nyama unapata gramu 600. Ukiimaliza yote kwenye sembe, kwa bei ya zamani unapata kilo 5. Unganisha hizo nukta mbili, huo ndio mstari wa bajeti. Chochote kilicho ndani yake unakimudu, cha nje unakiangalia kwa macho.

Halafu chora mikunjo ya indifarensi. Kila mkunjo unakusanya michanganyiko inayokuridhisha sawasawa: sembe nyingi na nyama kidogo, au sembe kidogo na nyama nyingi, wewe kwako mamoja. Mkunjo wa juu zaidi ni maisha bora zaidi. Mtu huchagua pale mstari wa bajeti unapougusa mkunjo wa juu kabisa anaoweza kuufikia.

Sembe ikifika 1,600, ncha ya nyama inabaki palepale kwenye gramu 600, ile ya sembe inarudi ndani kutoka kilo 5 hadi kilo 3.75. Hapo mambo mawili yanavutana. Kwanza, sembe imekuwa ghali ukiilinganisha na nyama, kwa hiyo unashawishika kuikimbia. Pili, umekuwa maskini zaidi ingawa pesa ni ileile, na maskini hukimbilia kinachojaza tumbo kwa bei ndogo, ambacho bado ni sembe. La pili likilishinda la kwanza, unanunua sembe zaidi. Utenganisho huu wa athari mbili ni kazi ya mchumi Slutsky ya mwaka 1915, Hicks na Allen wakauweka sawa 1934. Mfano wake maarufu ni Ireland, njaa ya viazi iliyoanza 1845. Viazi vilipanda bei na watu wakala viazi zaidi.

#4 Kisu Butu

Dogo umetisha. Ila "unakiangalia kwa macho" ndiyo sehemu pekee niliyoelewa.

#5 Mama Kibaba

Mimi nauza unga, sijui mikunjo. Nawaona wateja kila siku.

Unga ukianza kupanda, mtu aliyekuwa anachukua kilo mbili anachukua tano, anaogopa kesho utapanda tena. Ukiangalia wiki ile utasema watu wamependa bei kubwa. Ngoja wiki mbili, haonekani dukani, anakula aliouweka. Kwa hiyo Mzee wa Daftari kwanza tuambie: unaandika unga ulionunuliwa au unga uliopikwa? Hayo ni mambo mawili.

La pili, kwangu mchele umepanda kuliko sembe. Watu waliokuwa wanapika wali mchana sasa wanasonga ugali mchana na usiku. Sembe imepanda ndiyo, lakini mbele ya mchele imekuwa rahisi. Hapo hamna muujiza.

#6 Sikio la Kufa

#3 hapo kwenye Ireland tusaidiane, maana kosa hili linazunguka sana.

Aliyeandika habari hii kwa mara ya kwanza ni mchumi Alfred Marshall, toleo la tatu la kitabu chake, 1895. Alimtaja mwanatakwimu Robert Giffen, na chakula alichokitaja ni mkate, kwa familia za vibarua maskini wa Uingereza. Viazi vya Ireland viliingizwa baadaye na vitabu vya kiada, hasa cha mchumi Paul Samuelson, na vikaganda.

Ukifikiri kidogo tu utaona haviingii. Ireland viazi vilioza shambani kwa ugonjwa. Mavuno yakishaanguka hivyo, nchi nzima itakula viazi zaidi vya kutoka wapi? Sherwin Rosen alilieleza hili vizuri mwaka 1999. Bei ilipanda kwa sababu viazi havikuwepo, na watu walikufa na wengine wakapanda meli.

Mama Kibaba heshima kwako, swali lako la kununua na kupika ni zito kuliko mchoro wote wa #3.

#7 Dogo wa Mlimani

Sikio, Ireland tuiache ipumzike. Ushahidi wa kisasa upo, tena wa majaribio. Robert Jensen na Nolan Miller walitoa utafiti 2008 kutoka China. Waliwapa familia maskini za mijini vocha za kupunguza bei ya chakula kikuu, wakagawa kwa bahati nasibu nani apate punguzo gani, kisha wakaangalia wanakula nini. Mkoani Hunan, ambako chakula kikuu ni mchele, waliopunguziwa bei ya mchele walikula mchele KIDOGO zaidi. Punguzo lilipoondolewa wakarudi kula zaidi. Bila mavuno kuoza, bila watu kuweka akiba kwa hofu. Gansu, walikojaribu na ngano, ushahidi ulikuwa dhaifu zaidi.

Kwa hiyo Giffen yupo. Na anaishi kwa Mzee wa Daftari.

#8 Mzee wa Daftari

Mama Kibaba, naandika unga unaotoka kwenye ndoo kila asubuhi, tunapima kwa kopo la kilo. Kwa hiyo ni uliopikwa. Hamna akiba inayojificha hapo.

Wali kwetu ni Jumapili tu, tangu zamani, na haujakatwa.

#9 Mhasibu Mstaafu

Habari za jioni. Nimesoma uzi wote na nimeshika kikokotoo.

Tuchukulie familia inataka shibe ya kiasi fulani kwanza, na ikishashiba inataka nyama nyingi iwezekanavyo. Kilo ya sembe tuiwekee kalori 3,500, kilo ya nyama 2,000. Kwa ukadirio tu. Tuseme nyumba inataka kalori 8,000 kutoka kwenye hivi viwili na ina 6,000 mfukoni.

Bei ikiwa 1,200, mahesabu yanatoa sembe kilo 2.09 na nyama gramu 350. Mzee, karibu sawa na mwaka jana kwako. Bei ikifika 1,600, sembe kilo 2.14, nyama gramu 258.

Mmeona? Sembe imepanda na inaliwa zaidi. Dogo ana haki kwenye kanuni. Lakini angalieni ukubwa wake: gramu hamsini! Ngumi moja ya unga. Mzee anatuambia nusu kilo.

Sasa jumlisheni kalori zake mwenyewe. Mwaka jana kilo 2 za sembe na nyama gramu 360, ni kama 7,700. Mwaka huu kilo 2.5 na gramu 200, ni 9,150. Bei imepanda, kipato kimebaki, na nyumba inashiba zaidi kuliko mwanzo? Giffen hafanyi hivyo. Giffen anakunyang'anya nyama ili ubakie na shibe ileile. Hakuongezei.

Kuna mdomo wa nane kwenye hiyo nyumba.

#10 Kisu Butu

MDOMO WA NANE 😂😂😂

Mzee nenda kakague chumba cha msaidizi wa kazi haraka.

#11 Binti Pangani

Kisu acha utoto.

Nina swali kwa Dogo na Mhasibu. Mnasema "nyumba inataka", "nyumba inaridhika". Nyumba haina mdomo. Huo mkunjo ni wa nani? Wa Mzee anayeacha 6,000 mezani na kuondoka, au wa mama anayegawa hiyo 6,000? Mimi nimekulia nyumba ambayo baba alikuwa na mkunjo wake, vipande vyake viwili vya nyama havikuguswa hata mafuriko yaje, sisi wengine tukigawana mchuzi. Nyama ikipungua aliyepungukiwa si "nyumba". Ni watoto, na watoto waliokosa kitoweo wanaongeza ugali. Nusu kilo yenu hiyo hapo.

Wala sitoi hewani. Uingereza miaka ya sabini mwishoni walihamisha posho ya watoto, iliyokuwa inapitia kwenye mshahara wa baba, ikaanza kulipwa kwa mama. Lundberg, Pollak na Wales walipochunguza, 1997, wakakuta matumizi ya nguo za watoto na za wanawake yalipanda kulinganisha na za wanaume. Pesa za familia ni zilezile, aliyeshika ndiye aliyebadilika. Kama nyumba ingekuwa na mkunjo mmoja, hilo lisingetokea.

#12 Mzee wa Daftari

Binti Pangani, mimi kwangu nakula sawa na watoto. Mke wangu yupo hapa ananisomea huu uzi, anacheka, hasemi kitu.

#13 Binti Pangani

Hasemi kitu. Sawa.

#14 Omosh wa Eldoret

Jirani zenu wa Kenya tumewasoma. Sisi huku mstari wa bajeti tumeuona ukikunjwa na serikali yenyewe.

Mwaka 2017 unga ulipanda sana, serikali ikaweka ruzuku, pakiti ya kilo mbili ikauzwa shilingi 90. 2022 wakarudia, safari hii shilingi 100. Kwenye karatasi ya Dogo mstari ungesogea nje vizuri tu. Lakini duka la kwetu walitoa pakiti mbili kwa mtu, basi. Ukitaka ya tatu, unanunua bei ya kawaida, kama ipo. Kwa hiyo mstari wetu ulikuwa na kona: mpaka pakiti mbili umelala, baada ya hapo unashuka kwa kasi.

Na watu wakarundikana palepale kwenye kona. Jirani yangu, mtu wa kula wali na chapati, alibeba pakiti zake mbili kila walipoleta. Hata yeye hakujua atazifanyia nini. Halafu kuna foleni, ambayo hamuiweki kwenye mchoro. Mama aliyesimama asubuhi nzima amelipa 90 na kibarua cha siku hiyo.

#15 Sikio la Kufa

Omosh umeongea. Muda nao ni bajeti, na aliye maskini ndiye anaambiwa alipe kwa muda.

Turudi kwa Mzee. Mhasibu amechukulia kwamba familia inataka kalori 8,000 kamili, si zaidi wala pungufu. Nani kamwambia? Mimi napendelea njia ya Samuelson ya 1938: usichungulie moyo wa mtu, tazama alichokichagua na alichokiacha.

Mchanganyiko wa mwaka huu (kilo 2.5, nyama gramu 200) kwa bei za mwaka jana ungemgharimu 5,000. Alikuwa na 6,000. Aliumudu na hakuuchukua. Mchanganyiko wa mwaka jana (kilo 2, gramu 360) kwa bei za mwaka huu ni 6,800. Hana. Kwa hiyo hajajipinga popote: alipenda ule wa zamani, umemtoka mkononi, amechukua mwingine. Nadharia haina kesi dhidi yake. Kalori ziwe nyingi au chache, ni hiari yake.

#16 Mhasibu Mstaafu

Ndugu Sikio, hiyo njia yako inasema hajajipinga. Haisemi kwa nini. Kwa kipimo hicho hata angemwaga unga barabarani ungesema hajajipinga.

Niongeze jambo moja kwa faida ya wote, maana linaendana na China ya Dogo. Rudieni hesabu yangu kwa mtu mwenye 3,000. Kwa 1,200 anapata kilo 2.27 za sembe na gramu 30 za nyama, yaani mchuzi wa kunusa. Ikifika 1,600, pesa yote anapata kilo 1.875 tu na bado hajashiba. Huyu sembe inapanda na yeye anapunguza, kwa sababu hana nyama ya kukata tena. Jensen na Miller waliliona hilihili: waliokuwa hohehahe kabisa hawakufanya ya Giffen. Waliofanya ni maskini waliobakiwa na kitu kidogo cha kuacha. Na mwenye 30,000 kwa siku hata hajui kilo ya sembe ni bei gani.

#17 Kisu Butu

Kwa hiyo Giffen ni ugonjwa wa tabaka la kati la maskini. Nimejifunza kitu leo.

#18 Dogo wa Mlimani

Mhasibu asante, hapo kwenye 3,000 nimepapenda, kesho nakwenda nalo semina.

Lakini kuna uwezekano mwingine hujaugusa. Mikunjo yenyewe inaweza kuwa imehama. Watoto wa Mzee wamekua mwaka mmoja. Kijana wa miaka kumi na tatu akifika kumi na nne anakula kama mchimba kisima. Hapo bei haihusiki kabisa, sembe ingebaki 1,200 bado angemaliza kilo mbili na nusu. Ili tujue, tungehitaji nyumba ileile, mwaka uleule, kwa bei mbili. Daftari haliwezi.

#19 Sikio la Kufa

Na ndiyo maana kila mtu hapa ana jibu. Ukiruhusu mikunjo ihame, unaelezea chochote duniani.

#20 Mama Kibaba

Nimerudi, nilikuwa nafunga duka.

Nyie mnazunguka sana. Mzee, sembe yako ni ya kinu kilekile? Maana dona inashibisha kuliko sembe iliyokobolewa ikawa nyeupe kama chaki. Ukihama dona, hata ngumi yako ileile haitoshi. Na mahindi mabichi yaliyosagwa hayajakauka vizuri, kilo ni kilo lakini ndani yake umenunua maji. Huko wewe unaona kilo 2.5, tumbo linaona mbili.

Halafu swali la mwisho. Unafuga?

#21 Mzee wa Daftari

Kinu nilibadilisha, ndiyo, kile cha zamani walifunga. Unga wa sasa ni mweupe zaidi.

Nafuga kuku kidogo. Ila wana chakula chao, sijawahi kuandika unga wa kuku kwenye fungu la ugali.

#22 Mama Kibaba

Hao kuku chakula chao kimepanda au hakijapanda?

#23 Mzee wa Daftari

Kimepanda sana. Pumba na mashudu vyote juu. Kwa kweli hela ya kuku sijaongeza tangu mwaka jana, na hawajakonda.

#24 Kisu Butu

HAWAJAKONDA 😂😂 Mhasibu njoo uchukue mdomo wako wa nane. Una mbawa.

#25 Mhasibu Mstaafu

Nilisema mdomo. Sikusema wa mtu.

#26 Dogo wa Mlimani

Subirini. Hata kama ni kuku, kwa kuku kuna bajeti na kuna mbadala: pumba imepanda, kwa hiyo anayewalisha amehamia kwenye ugali uliobaki. Hiyo ni athari ya mbadala safi kabisa. Na Giffen wangu wa gramu hamsini bado anaweza kuwa ndani ya ile nusu kilo.

#27 Binti Pangani

Anayewalisha. Nani anayewalisha, Mzee? Na mayai nani anauza, na hela yake inaingia kwenye daftari la nani? Mwambie shemeji asome #11 tena, taratibu.

#28 Mzee wa Daftari

Mke wangu ameacha kucheka. Anasema watoto wanaongeza ugali kweli kwa sababu kitoweo kidogo, unga mpya haujazi, na makoko anawapa kuku kama alivyofanya siku zote. Yote matatu. Mayai anasema ni mambo yake.

#29 Sikio la Kufa

Kwa hiyo tuna maelezo manne na nusu kilo moja. Pima unga unaokwenda sufuriani, kisha pima ugali unaorudi jikoni baada ya kula. Fanya hivyo mwezi mzima ndipo urudi hapa.

#30 Omosh wa Eldoret

Hao kuku ni wa kienyeji ama chotara? Na kutoka huko Tanzania hadi mpakani jogoo anafika na bei gani?

#31 Kisu Butu

Mkenya ameshaona mstari wa bajeti. Mzee, usiuze kwa bei ya jirani.